Karatasi ya Pipa la Baridi

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, karani wa ghala la baridi alikuwa tayari ameandika joto la saa kumi jioni la chumba namba tatu. Hasi kumi na nane. La saa nane mchana aliliandika hasi kumi na tisa, na la saa sita hasi kumi na nane na nusu, kwa sababu mtu anayeandika namba ileile mara tatu mfululizo anajitafutia maswali. Ilikuwa kazi ya dakika nne. Mzee aliyemfundisha, ambaye sasa amestaafu na magoti yake mabovu, alimwambia siku ya kwanza kabisa: ukijaza mbele, ifikapo mchana badilisha kalamu.

Hakuwa mvivu, wala uongo haukuwa tabia yake. Ghala lilikuwa na vyumba vitano vya nyama na samaki, na rafu moja ya chanjo za kuku, na makarani walibaki wawili tangu wenzao watatu wapunguzwe. Kupita kila mlango kila baada ya saa mbili, kusoma kipimajoto, kuandika na kusaini, huku magari yanapiga honi getini yanataka kupakua, ni kazi ambayo mtu mwenye miguu miwili hawezi kuimaliza. Bosi alijua. Mkaguzi naye alijua. Alikuja mara moja kwa mwezi, akazipitisha karatasi machoni, akagonga muhuri, akaondoka na mfuko wa samaki.

Leo alijaza siku nzima kwa mkupuo kwa sababu hatakuwepo. Mwenzake alimkuta anatundika karatasi mlangoni.

"Umevaa vizuri. Unakwenda kwenye harusi?"

"Nakwenda kuchukua mzigo wangu."

"Mzigo gani huo, wewe mwenye ghala zima?"

Karani alicheka tu, akachukua mkoba wake. Hakuwa amekula wala kunywa tangu jana jioni, kama alivyoagizwa.

Mzigo wenyewe ulikuwa vipande sita vya nyama ya mwili wake, kila kimoja hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho. Alikuwa na miaka kumi na saba tezi zilipomvimba shingoni, na daktari wa wakati ule akamweleza mama yake taratibu, kama mtu anayeelekeza njia. Dawa itakayomponya saratani itaunguza na mayai yake ya uzazi. Ila kabla ya dripu ya kwanza wanaweza kutoa ovari moja, wakalikata ganda lake vipande vyembamba, wakavigandisha. Akipona, na akitaka mtoto, watavirudisha mwilini, na vikishika kama mche unavyoshika udongo, vitaanza kazi upya. Mama hakuelewa hata nusu. Aliuliza kitu kimoja tu, kama vitakaa salama, akaambiwa vitakaa hata miaka ishirini, akasaini.

Karani alipona. Hedhi haikurudi. Akiwa na miaka ishirini na tatu alikuwa anatokwa na jasho la ghafla na kujipepea na daftari la kazini sawa na shangazi zake waliokwisha kulea wajukuu. Alipokutana na fundi wa kuchomelea mageti aliyekuja kurekebisha mlango wa ghala, alimweleza yote mapema ili kama ni kukimbia akimbie mapema. Fundi alifikiri kidogo, akauliza: "Kwa hiyo watoto wetu wako kwenye friji?" Hapo ndipo alipojua kwamba ataolewa na huyu. Walifunga ndoa, wakaandika barua hospitalini, wakasubiri zamu ya upasuaji miaka miwili. Zamu ilikuwa leo.

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa anamsubiri kwenye geti la hospitali na mkoba wa shuka na thermosi ya uji wa baada ya upasuaji. Alikuwa msusi, mwanamke mwenye sauti inayofika kabla yake, na kwa mwaka mzima alikuwa akiwatangazia wateja wake wote habari za wifi yake anayekwenda kupandikizwa.

"Umechelewa wifi. Nimeshagombana na walinzi wawili."

"Hata saa mbili bado."

"Ndiyo, lakini mimi nimefika saa kumi na mbili. Siku ya kuwa shangazi mtu hachelewi."

Dirishani walipewa namba, kutoka dirishani wakapelekwa dirisha jingine, la pili likawarudisha la kwanza kwa sababu faili lilikuwa na jina la baba na kitambulisho kilikuwa na jina la mume. Wifi akapiga porojo na yule wa dirishani mpaka jambo likaisha. Saa tatu Karani alikuwa wodini, amevaa gauni la hospitali linalofungwa mgongoni kwa kamba mbili, moja imekatika. Simu yake, pete na viatu alimwachia wifi. Muuguzi wa wodi hiyo alikuwa mmoja kwa vitanda kumi na vinne. Alimpima joto na presha mara moja, akaketi pembeni mwa kitanda, akaanza kuandika.

Karani alitupa jicho kwenye karatasi. Palikuwa na safu ya saa sita, ya saa nane, ya saa kumi, na ya saa kumi na mbili jioni, na muuguzi alikuwa anazijaza zote. Mapigo sabini na nane. Themanini. Sabini na tisa. Kulingana na karatasi ile, Karani alikuwa ametoka kwenye upasuaji salama na jioni hii presha yake ilikuwa nzuri kabisa.

Kwanza ilimjia kucheka. Alimwelewa yule mwanamke kama wanavyoelewana mafundi wa kazi moja. Kisha kicheko kikamkauka, kwa sababu safari hii aliyekuwa ndani ya chumba cha baridi ni yeye mwenyewe. Alitamani kumwambia abadilishe kalamu. Badala yake akalala chali, akatazama dari.

Saa nne aliitwa kwenye utambuzi. Ulikuwa utaratibu wa idara: kabla vipande havijayeyushwa, mwenyewe anashuka maabara, anasomewa namba na jina lililo kwenye kijichupa, anakubali kwamba ni vyake. Wifi hakuruhusiwa. Karani alishuka ngazi peke yake, ameshika gauni lake kwa nyuma, akasimama mbele ya mlango wa bati ulioandikwa USIINGIE. Mlango ulikuwa umefungwa, na juu yake palikuwa na karatasi kwenye ubao wenye kibanio.

Aliisoma kwa mazoea tu, kama dereva anavyosoma kibao cha barabarani hata akiwa abiria. KINA CHA NAITROJENI, SENTIMITA. Asubuhi, jioni, sahihi. Leo ilikuwa tarehe ishirini na nne, saa nne asubuhi, na sehemu ya jioni ya leo ilikuwa imejazwa. Thelathini na mbili.

Sawa, akajiambia, hata mimi. Lakini macho yalishazoea kazi yao, yakaendelea kupanda. Thelathini na mbili, thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na tatu, thelathini na moja, thelathini na mbili. Mwezi mzima, kalamu moja, mkono mmoja, namba zinapanda na kushuka kidogo kidogo, hakuna iliyojirudia mara tatu mfululizo.

Joto la chumba hupanda na kushuka, mlango ukifunguliwa linapanda, ukifungwa linashuka, ndiyo maana anayedanganya joto anadanganya hivyo. Lakini hiki hakikuwa kipimo cha joto. Kilikuwa kipimo cha kina, cha kimiminika kinachogandisha vipande ndani ya pipa, ambacho kinapungua kila siku kwa kugeuka moshi mpaka kiongezwe. Maji kwenye ndoo yanaweza kupungua, lakini hayajiongezi yenyewe usiku. Aliyejaza karatasi ile alikuwa amezoea kujaza karatasi za friji.

Mlango ulifunguliwa. Mtaalamu wa maabara alikuwa mwanamke wa makamo, koti jeupe limemfika magotini, glavu nene za buluu zimemfika viwikoni.

"Karibu, mama. Usiguse chochote, kina baridi ya kuunguza."

Pipa lilikuwa katikati ya chumba, refu la kumfika mtu kifuani, shingo yake nyembamba imezibwa kizibo cha sponji. Ukutani ilining'inia rula ya mbao ya mita moja. Ile ndiyo iliyotumbukizwa ndani kila siku, au ilipaswa kutumbukizwa: ikitolewa, barafu nyeupe inashika mpaka pale naitrojeni inapofika, na hapo ndipo pa kusoma. Mtaalamu alivuta kikapu kirefu, moshi mweupe ukamwagika sakafuni mpaka kwenye vidole vya miguu ya Karani, akachomoa kijichupa kwa koleo, akakileta kwenye taa.

"Soma na mimi. Namba mia moja na nane. Jina la kwanza unaliona?"

Aliliona, ila kwa shida. Wino ulikuwa umetawanyika na kuvuja upande mmoja, kama maandishi yaliyopata maji yakakauka tena.

"Mbona maandishi yameloana?" aliuliza.

"Ni ya zamani."

"Vya zamani havipati maji humo ndani. Humo hakuna maji." Akashusha sauti. "Dada yangu, mimi ni karani wa ghala la baridi. Karatasi kama ile ya mlangoni najaza tano kwa siku. Namjua anayepima na namjua asiyepima. Pipa hili lilikauka lini?"

Mtaalamu alikirudisha kijichupa kikapuni, akashusha kikapu, akaweka kizibo. Alifanya yote hayo polepole sana.

"Nilikuwa msibani," alisema mwishowe, bila kumtazama. "Nilifiwa na baba mkwe. Niliondoka tarehe tano. Gari la naitrojeni lilikuwa halijaja wiki tatu, nikaacha nimeandika barua. Hapa niko peke yangu, mwenzangu hawajamrudishia mkataba. Nilirudi tarehe kumi na mbili asubuhi, nikatumbukiza rula, ikatoka kavu. Haina hata unyevu."

"Kavu kwa siku ngapi?"

"Sijui. Hakuna anayejua. Gari lilikuja kesho yake, tukajaza. Nikaambiwa nijaze na karatasi."

"Nani kakwambia?"

Kabla hajajibu, mlango ulifunguliwa tena, akaingia Katibu wa idara na faili mkononi. Alikuwa mwanamume nadhifu, kiatu kinang'aa, na sauti ya chini ya mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kulazimika kuipandisha. Alimpa Karani fomu na kalamu. Ilikuwa fupi: mgonjwa anathibitisha kwamba ameitambua tishu yake, na kwamba ameelezwa kuwa imehifadhiwa ipasavyo wakati wote.

"Hapa chini tu, dada. Daktari anakusubiri thieta."

"Siwezi kusaini hii."

"Kwa nini?"

Hapo Karani alimweleza. Alimtoa nje mpaka mlangoni, na gauni lake lililokatika kamba, akaweka kidole juu ya karatasi. Alimwonyesha tarehe tisa na tarehe kumi, palipopanda sentimita mbili bila neno "imejazwa" pembeni. Alimwonyesha kalamu isiyobadilika, sahihi zilizofanana mno, siku za mapumziko ambazo nazo zilikuwa na asubuhi na jioni, na tarehe tano hadi kumi na moja ambazo mwenye sahihi alikuwa kwenye matanga. Alimwambia naitrojeni inapaswa kushuka, kushuka, kushuka, kisha iruke siku ya gari, halafu ianze tena kushuka. Kwa hasira aliyokuwa nayo alieleza vizuri sana, pengine vizuri kuliko alivyowahi kueleza kitu maishani. Katibu alimsikiliza kwa makini, hakumkatiza hata mara moja.

"Endelea," alisema alipoona amenyamaza.

"Nimemaliza."

"Nimekuelewa," alisema Katibu. Kwa kweli alikuwa amemwelewa.

Daktari aliteremka na nguo zake za kijani, kofia kichwani, na uso wa mtu aliyelala kwa saa tatu tu. Alisikiliza upande huu na upande ule, akamtazama mtaalamu wa maabara, na mtaalamu akatazama sakafu. Hakuhitaji kuambiwa zaidi.

"Kuna njia ya kujua," alimwambia Karani. "Tunayeyusha kipande kimoja, tunakiloweka kwenye rangi nyekundu. Yai lililo hai linainywa ile rangi, linakuwa jekundu. Lililokufa halinywi. Inachukua saa tatu hivi. Lakini kipande hicho kitakuwa kimekwenda, utabaki na vitano."

"Jambo hilo halimo kwenye utaratibu wa leo," alisema Katibu.

"Tumbo ni lake," alisema Daktari. "Dada, nifanye?"

Karani aliitikia kwa kichwa.

Alirudi wodini, akamkuta wifi amejilaza kwenye kitanda chake anampangia muuguzi mtindo wa nywele. Alipomweleza, wifi alikaa kitako, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane aliteremsha sauti.

"Wifi, mimi sina shule hiyo. Lakini unawatafutia watu makosa, na wao ndio wenye visu. Ungesaini ukapandikizwa, basi. Mungu anaweza kukuza hata kilichokauka."

"Wanipasue waniwekee nyama mfu?"

"Unajuaje kama ni mfu?"

"Sijui. Ndiyo maana wanapima."

"Na ikiwa kimoja ndicho kibovu, vitano ni vizima? Umeshapoteza zamu. Miaka miwili tena." Wifi alifuta macho kwa kiganja, kwa hasira. "Nimeshawaambia watu, wifi. Nimewaambia mpaka muuza mkaa."

Simu iliita, alikuwa mume wake. Nyuma yake mashine ya kukata chuma ilikuwa inalia.

"Vipi, hujaingia bado?"

"Bado. Kuna kipimo wanafanya kwanza."

"Kipimo cha nini?"

"Cha kuona kama ni wazima."

Mashine ikanyamaza.

"Hawa watoto wetu wana tabu," alisema. Alijaribu kulisema kwa utani, lakini utani ulimkwama. "Niambie ukijua. Hata kama ni vipi, niambie mimi kwanza."

Saa zilikwenda. Njaa ilikwisha yenyewe, ikabaki kichefuchefu. Muuguzi alipita mara moja tu, mbio, kumkimbilia mgonjwa wa kitanda cha tisa. Ilipofika saa nane Karani alikumbuka kwamba wakati huu, kwenye mlango wa chumba namba tatu, pameandikwa hasi kumi na tisa na chini yake sahihi yake. Hakujua chumba kilikuwa na joto gani. Alizifikiria zile chanjo za kuku kwenye rafu, na mtu asiyemjua, mahali asipopajua, anawachoma kuku wake akiamini. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona kwa miaka sita ya kazi, ikachanganyika na hofu hata asijue ipi ni ipi.

Saa nane na nusu aliitwa tena. Daktari alikuwa ameinama kwenye hadubini, mtaalamu amesimama pembeni yake na glavu bado mkononi. Daktari alimpisha atazame mwenyewe. Kwanza hakuona kitu, ila kope zake. Kisha akaona uwanja mpana wenye vumbi la waridi, na ndani yake miviringo midogo mingi, iliyopauka, kama mbegu za nyanya.

"Hiyo miviringo ndiyo mayai," alisema mtaalamu kwa sauti ya kunong'ona.

"Ni mengi."

"Yalikuwa mengi sana. Ulikuwa mdogo."

"Na mekundu yako wapi?"

Aliendelea kutazama, akalizungusha lile gurudumu dogo kama alivyoonyeshwa, akapita uwanja ule kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Alitafuta jekundu moja tu. Kama angepata moja angesaini fomu yoyote.

"Nilipima na cha pili," alisema mtaalamu. "Sikumuuliza mtu. Nilisema labda kile kilikuwa juu ya kikapu, cha chini kimepona." Akatikisa kichwa.

Daktari alivua kofia. "Sitakufungua tumbo kwa hivi. Ningekuwa nakukata bure. Pole sana, dada."

"Ripoti utaandika nini?"

"Kwamba tishu haikuhimili."

"Haikuhimili nini?"

Daktari alikunja kofia, akaitia mfukoni. Alikuwa na wagonjwa wawili juu wamelazwa wakimsubiri, na wote watatu mle ndani walijua kwamba kesho atahitaji dawa, glavu na nyuzi, na kwamba vitu hivyo vinasainiwa na Katibu. Akamshika Karani bega, akapanda ngazi.

"Wengine ni wangapi humo ndani?" Karani aliuliza.

"Arobaini na watatu," alisema mtaalamu. "Wengi wasichana. Mmoja anakuja Jumatatu na mama yake."

Chooni, alipokuwa anavaa nguo zake, Karani alilia. Alilia akiwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu mmoja ndani ya sketi na mwingine nje, na hakulia kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwahi kuwepo, alimlilia yule msichana wa miaka kumi na saba aliyekubali kukatwa kwa kuwa aliambiwa vitakaa salama. Alipomaliza alinawa uso, akampigia mume wake, akamwambia yeye kwanza. Mume wake alisema anakuja kumchukua.

Katibu alikuwa anamsubiri nje ya wodi na fomu nyingine, ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Wifi alikuwa amesimama naye, mkoba wa shuka begani. Kwenye mstari wa sababu palikuwa pameshaandikwa, kwa herufi za wima zilizonyooka: *Mgonjwa ameomba kuahirisha kwa hiari yake.*

"Mimi sijaomba kuahirisha."

"Ni lugha ya ofisi tu, dada. Inakulindia nafasi yako."

"Nafasi ya nini? Vimekufa. Pipa lilikauka. Karatasi yenu yenyewe inaonyesha."

"Karatasi ipi?"

"Ya mlangoni. Niliyokuonyesha."

Katibu alimtazama kwa upole. "Karibu ukaitazame," alisema. "Nenda tu. Mimi nakusubiri hapa."

Karani alishuka, safari hii wifi akamfuata na hakuna aliyemzuia. Ubao ulikuwa palepale mlangoni, na kibanio chake. Karatasi ilikuwa mpya, nyeupe, haina kunyanzi. Tarehe moja, thelathini na nane. Tarehe mbili, thelathini na saba na nusu. Ikashuka vizuri, taratibu, siku hadi siku, tarehe kumi na mbili ikawa thelathini na mbili na nusu. Tarehe kumi na tatu ikaruka hadi arobaini, na pembeni pameandikwa "imejazwa". Kisha ikaanza tena kushuka. Katikati kalamu ilibadilika, kutoka buluu kwenda nyeusi. Siku za mapumziko zilikuwa zimeachwa na alama ya mstari. Jioni ya leo ilikuwa bado tupu. Haikuwa na kosa hata moja. Herufi zilikuwa za wima, zimenyooka.

Karani alielewa kwamba ni yeye mwenyewe aliyeifanya. Alisimama hapahapa na gauni lake, akamfundisha mtu yule kila kitu, hatua kwa hatua, na mtu yule akamwambia endelea. Mama atakayekuja Jumatatu na binti yake ataikuta karatasi safi, na hata angekuwa karani wa baridi asingeona kitu.

"Ndiyo hiyo?" wifi aliuliza. "Mbona iko sawa?"

"Ndiyo hiyo."

Ni safu moja tu iliyokuwa haijakamilika. Safu ya sahihi, kutoka tarehe moja hadi ishirini na nne, ilikuwa tupu, inamsubiri mwenye nayo. Karani alifungua mkoba, akatoa kalamu yake ya kazini. Kwenye tarehe kumi na mbili alikata ile thelathini na mbili na nusu kwa mstari mmoja, akaandika sufuri. Pembeni yake, pale ambapo siku ya gari pameandikwa "imejazwa", yeye aliandika "kavu". Aliandika kwa herufi kubwa.

"Wifi, tutafungwa," alinong'ona wifi yake. Lakini alisogea, akasimama kwa upana wake wote kati ya mlango na ngazi.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mtaalamu wa maabara alikuwa amevua glavu, na mkononi alikuwa na kalamu. Alikuwa ameagizwa aje kusaini. Aliwatazama wote wawili, akaitazama karatasi, akakisoma kila kitu kuanzia juu hadi chini, akafika kwenye sufuri. Juu, kwenye ngazi, viatu vya Katibu vilianza kushuka bila haraka.

Mtaalamu alisogeza ubao karibu na taa. Akasaini tarehe kumi na mbili, jina lake zima, kwa mwandiko unaosomeka. Kisha akaifunika kalamu kizibo, akairudisha mfukoni, akasimama pamoja nao kumsubiri.